Mbwa anaweza kushiba dona na dagaa, ila si unga ulioota kuvu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa maoni ili nijibu ushauri ambao siku hizi unatolewa mara kwa mara, na ambao hata baadhi ya wasomaji wenzangu wameanza kuurudia kana kwamba ni sheria, kwamba mtu asiyeweza kumnunulia mbwa wake chakula cha mfuko kutoka dukani hana budi kuacha kufuga. Nimefanya kazi ya ugani wa mifugo hadi nilipostaafu, na nathubutu kusema kwamba ushauri huo ukifuatwa utawaacha bila mbwa watu walewale wanaowahitaji zaidi: mama mwenye genge na ua wa mabanzi, mkulima ambaye shamba lake la mahindi huvamiwa na nguruwe pori, mfugaji anayelaza mbuzi mahali ambapo fisi hupita. Watu hao wataendelea kufuga, na mbwa wao wataendelea kula kinachopatikana jikoni. Kinachofaa kujadiliwa ni namna ya kukifanya kinachopatikana jikoni kiwe chakula cha kutosha kwa gharama ndogo, na hasa mahali ambapo mtu anaweza kubana matumizi na mahali ambapo hawezi.

Chakula cha mfuko chenyewe ni kitu cha juzi. Biskuti za kwanza za mbwa kutengenezwa kwa ajili ya biashara ziliuzwa London mnamo mwaka 1860 hivi na Mmarekani aliyeitwa James Spratt, ilhali mbwa ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka akila alichobakiza binadamu. Maisha hayo marefu yameacha alama ndani ya mwili wake. Mwaka 2013 watafiti waliochapisha matokeo yao katika jarida la Nature walionyesha kwamba mbwa wa kufugwa ana nakala nyingi zaidi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga kuliko mbwa mwitu wa nchi za baridi, ambao ndio ukoo wake. Kwa hiyo yule anayewaambia watu kwamba ugali ni sumu kwa mbwa, na kwamba mnyama huyu ni mla nyama tupu kama simba, anakosea. Ugali ulioiva vizuri unampa mbwa nguvu, na ni nguvu ya bei nafuu. Upungufu wake ni mwingine: una protini kidogo, mafuta kidogo, na karibu hauna kalisi, yaani madini yanayojenga mifupa. Mbwa anayekula ugali mtupu mwaka mzima hushiba huku akikonda, manyoya yakakauka na kukatika, na vidonda vikachelewa kupona.

Wapinzani wa chakula cha nyumbani wana hoja moja nzito, na si haki kuipita kimya. Mwaka huohuo wa 2013, wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis walipima mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha nyumbani yaliyotoka vitabuni na katika intaneti, wakakuta kwamba asilimia 95 ya mapishi hayo yalikosa angalau kirutubisho kimoja muhimu. Hoja hiyo nimesikia ikitumiwa kuwatisha watu warudi dukani. Mimi naisoma tofauti. Mapishi yale yaliandikwa kwa jikoni za Marekani, na kilichokosekana ndani yake ni hesabu. Hakuna aliyekaa akapima dona letu, dagaa wetu na mchicha wetu kwa ajili ya mbwa wetu, kisha akaandika vipimo kwa lugha ambayo mwenye mbwa anaisoma. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa kuwa ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Lakini kwanza niseme yale ambayo mtu anaweza kuanza nayo leo.

Mbwa wetu wa kienyeji aliyekomaa, mwenye uzito wa kilo 20 hivi, asiye na mimba wala asiyenyonyesha, huhitaji kalori zipatazo 1,000 kwa siku. Gramu 200 za unga wa dona, ambazo ni kama kikombe kimoja na nusu, hutoa zaidi ya 700. Gramu 60 za dagaa wakavu, yaani konzi mbili za mtu mzima, huongeza takriban 180 na ndizo zinazobeba protini iliyo nyingi zaidi katika chungu hicho. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia hukamilisha hesabu. Ongeza kiganja cha majani, yawe ya maboga au ya viazi vitamu, na mara mbili kwa wiki kipande kidogo cha maini ya kuku yaliyochemshwa. Kidogo, kwa sababu maini yana vitamini A nyingi na yakizidi huleta madhara. Dagaa huliwa mzima pamoja na miiba yake, na hapo ndipo mbwa anapopata kalisi bila mwenye nyumba kununua chochote cha ziada. Gawanya chakula hicho mara mbili, asubuhi na jioni, na maji safi yasikosekane kutwa.

Kuhusu dagaa naomba nikae kidogo, maana ndipo pesa inapookolewa na ndipo inapopotea. Dagaa wa Ziwa Victoria wanaoanikwa juu ya mchanga huuzwa kwa bei ya chini wakiwa wamevunjikavunjika, na katika masoko mengi huitwa dagaa wa kuku. Wanafaa kwa mbwa kabisa, lakini mnunuzi anayewapima kwa kilo ananunua pia mchanga, na mchanga huo ukiingia tumboni kila siku hausaidii. Wamimine ndani ya ndoo ya maji ya uvuguvugu, wakoroge, subiri mchanga utuame chini, kisha waokote kutoka juu. Rudia hadi maji yawe meupe. Dagaa wa pwani wana shida nyingine: huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke na kumwaga maji yale kabla ya kuwapika. Walio Mwanza wana mapanki ya sangara, yaani mabaki ya samaki baada ya minofu kuondolewa, ambayo bado yana nyama ya kutosha kichwani na mgongoni, ila mifupa yake ni mikubwa na migumu. Chemsha, chambua nyama, mpe mbwa nyama na supu, mifupa itupe mahali ambapo hawezi kuifukua. Siku dagaa wakipanda bei, nusu yao inaweza kufidiwa na kikombe kimoja cha maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kuiva hadi kupondeka, na unga ukapunguzwa kidogo. Siku hiyo kalisi itapungua, na dawa yake haina gharama: wauza chipsi mayai hutupa maganda ya mayai kila jioni. Yaoshe, yachemshe, yakaushe, yatwange kwenye kinu hadi yawe unga laini kabisa. Nusu kijiko cha chai inatosha.

Wengi wanapopiga hesabu ya chakula cha mbwa husahau mkaa. Katika nyumba nyingi nilizozitembelea, moto uligharimu karibu sawa na kilichomo ndani ya sufuria. Hakuna sababu ya kuwasha jiko jipya kwa ajili ya mbwa. Chakula chake kikiwa uji mzito wa dona uliochanganywa na dagaa tangu mwanzo, hupikwa kwa makaa yanayobaki baada ya chakula cha jioni cha familia, na kikifunikwa huiva chenyewe polepole. Asiye na jokofu apike cha siku moja tu, hasa katika joto la Dar es Salaam au Tanga, ambako chakula cha jana huchacha kabla ya jua kutua. Sufuria na bakuli la mbwa viwe vyake peke yake. Nyumba nyingi za Kiislamu zimetenga chombo cha mbwa tangu zamani kwa sababu za dini, na utaratibu huo ungefaa kuigwa na majirani wa dini nyingine kwa sababu za afya.

Sasa nije kwenye mahali ambapo mtu hapaswi kubana matumizi hata kidogo, nako ni kwenye unga. Kuna desturi iliyoenea, na nimeikuta kuanzia Kilosa hadi Kondoa, ya kuchambua mahindi kabla ya kusaga: mazuri huenda kwa watu, na yale yaliyobadilika rangi, yaliyosinyaa au kuota ukungu huenda kwa kuku na mbwa. Mwenye nyumba huona amefanya busara, kwa kuwa hakuna kilichotupwa. Mahindi hayo ndiyo yanayobeba sumukuvu. Tunaifahamu sumu hiyo kwa majonzi: mwaka 2004 huko Makueni na Kitui nchini Kenya watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 miongoni mwao wakafariki, na mwaka 2016 katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68, wakafariki 20. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa haraka na sumu hiyo, ambayo hushambulia ini. Huanza kwa kukataa chakula na kutapika, kisha macho na fizi hugeuka manjano, na wengine hutokwa damu puani au kwenye kinyesi. Kijijini husemwa kwamba mbwa amelishwa sumu na jirani, ugomvi ukazuka, na kumbe sumu ilitoka kwenye gunia la mwenye mbwa mwenyewe. Kupika hakuiondoi, moto wa jikoni hauna nguvu ya kuivunja.

Pumba nazo ni mtego. Watu huzinunua kwa sababu ni rahisi kuliko unga, na huamini kwamba kinachotoka ndani ya mahindi yaleyale hakiwezi kuwa kibaya. Mahindi yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumukuvu huondoka pamoja na ganda na kiini, yaani hubaki ndani ya pumba. Mla sembe hupunguziwa hatari na mla pumba huongezewa. Zaidi ya hayo, pumba zina makapi mengi ambayo tumbo la mbwa haliwezi kuyasaga kama la ng'ombe, kwa hiyo hula nyingi na kunya nyingi bila kunenepa. Mtu mwenye fedha kidogo atafanya vyema zaidi akinunua kikombe kimoja cha dona safi kuliko vitatu vya pumba zisizojulikana zilitoka kwenye mahindi gani. Na yasiwe mahindi yaliyochambuliwa kama mabovu: hayo yachomwe au yafukiwe. Niongeze, kwa wale wanaodhani mfuko wa dukani ni kinga, kwamba mwishoni mwa mwaka 2005 nchini Marekani mbwa wengi walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa ndani ya chakula cha kiwandani, kilichotengenezwa kwa mahindi ya namna hiyohiyo.

Jambo la pili lisilotaka ubahili ni kuchemsha mazao ya machinjioni. Mapupu, bandama, utumbo, vichwa na miguu ya kuku ni protini nzuri, na mchinjaji aliye karibu nawe anaweza kukuuzia kwa bei ndogo kuliko nyama yoyote. Hatari iko katika kumrushia mbwa yakiwa mabichi. Mapupu na maini ya kondoo, mbuzi na ng'ombe wakati mwingine huwa na vifuko vya maji, ambavyo ni hatua ya utotoni ya mnyoo mdogo aina ya tegu. Mbwa akivila, mnyoo hukomaa tumboni mwake bila yeye kuonyesha dalili, na mayai hutoka na kinyesi, yakashika kwenye manyoya yake, kwenye mchanga wa uani na kwenye mikono ya watoto. Ndani ya binadamu huota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, ambao unaweza kukua kwa miaka hadi ukahitaji upasuaji. Turkana nchini Kenya palijulikana kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa mahali palipoathirika zaidi duniani, na wafugaji wa Kimasai upande wetu wanaujua ugonjwa huo pia. Kipande chenye vifuko kisipewe mbwa kabisa. Kilichobaki kichemshwe kwa nusu saa tangu maji yaanze kutokota. Mifupa ya kuku iliyopikwa, hata ile ya vichwa na miguu, itolewe kwanza na isitupiwe mbwa, kwa kuwa huvunjika kwa ncha kali na kutoboa utumbo.

Makombo ya mezani yanahitaji tahadhari ndogo tu, lakini huwa haichukuliwi. Mchuzi wetu hauna budi kuwa na vitunguu, na vitunguu, viwe maji au saumu, vibichi au vilivyoiva, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Njia rahisi ni kutenga sehemu yake kabla ya kuunga. Zabibu, chokoleti, pombe pamoja na machicha yake, na karanga za makadamia ambazo sasa zinalimwa sehemu kadhaa za nchi yetu na Kenya, asipewe kamwe. Mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa ipasavyo ina sumu kwake kama ilivyo kwetu. Maziwa mabichi huwaharisha mbwa wengi wakubwa. Mtindi huvumilika zaidi.

Iko pia imani ambayo haigharimu fedha lakini hugharimu mbwa, kwamba mlinzi akishiba hulala. Kwa imani hiyo mbwa hulala na njaa makusudi, na wapo wanaomchanganyia pilipili wakidhani watamwongezea ukali. Mbwa mwenye njaa huruka ua kwenda jalalani. Huko hukutana na mbwa wengine, huumana, na akirudi hatujui amekuja na nini, katika nchi ambayo kichaa cha mbwa bado kinaua watoto wetu. Mwizi naye anajua kwamba mbwa mwenye njaa hupokea kipande cha nyama chenye sumu bila kuuliza. Pilipili humchoma tumbo na kumfanya asogelewe kwa shida na hata mwenye nyumba. Mpe nusu ya chakula jioni mapema, atakesha.

Watoto wa mbwa ni suala la pekee. Kipimo nilichokitaja hakiwafai, kwa sababu mwili unaojenga mifupa unahitaji kalisi na protini nyingi zaidi kwa kila kilo ya uzito. Miguu ya mbele iliyopinda kama upinde, ambayo wengi huidhania kuwa ni ya kurithi, mara nyingi hutokana na kulishwa ugali mtupu, au kinyume chake, nyama tupu isiyo na mfupa wala maganda ya yai. Wapewe mara tatu au nne kwa siku, dagaa waliosagwa wawe wengi kuliko kwa mkubwa, na dawa ya minyoo itolewe kwa kipimo cha uzito. Jike anayenyonyesha watoto wengi huweza kuhitaji mara mbili au tatu ya chakula chake cha kawaida, na ndiye ambaye katika nyumba nyingi hulishwa kama kawaida hadi mbavu zikahesabika. Kwa mbwa yeyote, pitisha vidole ubavuni: mbavu zisikike kwa mguso mwepesi bila kuonekana kwa macho. Ongeza au punguza unga kufuatana na hilo, kwa maana vipimo nilivyoandika ni mahali pa kuanzia tu.

Ndiyo maana narudi kwenye ombi langu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatambua kwamba mnyama anapaswa kulindwa dhidi ya njaa na kiu, lakini mwananchi hajapata kuelezwa namna ya kutekeleza hilo kwa mfuko wake. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hapa Morogoro kina wataalamu wa tiba ya mifugo na wa lishe ya wanyama. Wizara ya Mifugo na Uvuvi ina maofisa hadi ngazi ya kata. Ninaomba wakae pamoja, wapime vyakula vyetu kumi au kumi na viwili vya bei nafuu, na watoe karatasi moja yenye vipimo vya vikombe, konzi na vijiko, kwa mbwa mdogo, wa kati na mkubwa, kwa watoto wa mbwa na kwa jike anayenyonyesha, pamoja na kile kinachohitaji kuongezwa ambacho jikoni mwetu hakipatikani, kama kipo. Karatasi hiyo igawiwe siku za chanjo ya kichaa cha mbwa, ambazo halmashauri nyingi huzipanga karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa sababu hiyo ndiyo siku moja katika mwaka ambapo mwenye mbwa na mtaalamu wa mifugo husimama mahali pamoja bila ada. Na gazeti lenu, Ndugu Mhariri, lingesaidia sana kama lingeichapa karatasi hiyo nzima katika wiki hiyohiyo, kwa herufi kubwa za kutosha ili ikatwe na kubandikwa ukutani jikoni.

Afisa mifugo mstaafu,
Morogoro.